Buti la Kuwindia: Namna ya Kuchagua Litakalofaa Mguu Wako na Pori Unalokwenda

Anayefuata nyayo za mbogo tangu alfajiri mpaka jua la saa saba anaweza kutembea kilomita kumi, kumi na tano, na karibu mwendo wote huo hauna njia. Anainama, anasimama, anarudi nyuma hatua chache kutafuta unyayo uliopotea, anavuka korongo la mchanga, anaingia kwenye majani yaliyolowa umande. Akiwa na kiatu kibaya, kufika saa nne akili yake yote iko miguuni. Haoni tena jani lililogeuzwa wala kinyesi kibichi cha mnyama, maana anachokisikia ni lengelenge la kisigino. Mtu aliye katika hali hiyo mbele ya mbogo aliyejeruhiwa anawahatarisha wenzake wote.

Mwongozo huu nimemwandikia anayewinda kihalali Tanzania: mwenye leseni, mwindaji bingwa, mfuata nyayo wa kitalu cha uwindaji, na askari wa wanyamapori anayeandamana na msafara. Mambo ya vibali yanaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni ije kwanza, buti baadaye. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini askari wa doria na waongoza watalii wa miguu wa huko wanakanyaga ardhi ya namna ile ile na miiba ile ile, hivyo mengi humu yatawafaa nao.

Nianze na jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Kwa sehemu kubwa ya pori letu, wakati wa kiangazi, buti lisilopenyeza maji hata tone ni chaguo baya. Liko pori linalolihitaji, na nitalitaja. Lakini kwa siku nyingi za msimu maji yanayolowesha mguu ni jasho lako mwenyewe, na buti linalozuia maji yasiingie huzuia na jasho lisitoke.

Hatua ya 1: Andika jina la pori na mwezi utakaokwenda

Usiingie dukani kabla ya kufanya hivi. Kwa miaka mingi msimu wa uwindaji Tanzania umekuwa ukifunguliwa Julai Mosi, na kati ya Julai na Desemba pori lile lile hubadilika kabisa.

Chukua misitu ya miombo: sehemu iliyobaki ya Pori la Akiba Selous baada ya upande wa kaskazini kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, au Rungwa, au maeneo yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Mwezi wa Julai majani bado ni marefu na asubuhi yamejaa umande. Nusu saa tu ya kutembea ndani yake hulowesha suruali mpaka magotini, maji yanatiririka kwenye soksi na kuingia butini kwa juu. Hapo hata buti la bei ya juu kuliko yote halikusaidii, kwa sababu maji hayakupitia kwenye ngozi. Kufika Agosti na Septemba moto umeshapita. Ardhi ni nyeusi kwa majivu, mashina ya majani yaliyoungua yamesimama makali na kuchoma kila kitu laini. Oktoba ni joto tupu, ardhi imekauka ikawa ngumu, na jasho ndilo linalokuwa taabu kuu. Juu ya yote hayo kuna upupu, ambao maganda yake yakikauka hupeperusha vinyweleo vinavyowasha mpaka mtu anataka kuvua ngozi, na kuna mbung'o.

Nyika ya Longido, Simanjiro na kuzunguka Ziwa Natron ni habari nyingine. Huko kuna swala twiga na tandala mdogo, maji ni machache, na kinachoua buti ni miiba ya migunga na mawe ya volkano yenye makali. Ngozi laini na vitambaa vyepesi huchanika upesi. Vumbi la majivu ya volkano huingia kwenye mishono na kuisaga uzi kwa uzi.

Halafu kuna nchi ya maji yenyewe. Mabwawa ya Moyowosi na Mto Malagarasi, eneo lililokuwa la kwanza Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu mwaka 2000, ndiyo makazi ya nzohe, swala anayeishi ndani ya mafunjo. Bonde la Kilombero, nchi ya sheshe, nalo ni tambarare linalofurika. Ukitembea sehemu kama hizo, swali lako ni maji yanafika wapi: kwenye kifundo, katikati ya muundi, au gotini.

Mwisho kuna udongo wa mbuga, ule mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa pana zinazoweza kuvunja kifundo. Mvua za vuli zikiugusa, kila hatua inabeba tope jingine mpaka mguu unakuwa mzito kupita kiasi. Anayewinda Novemba na kuendelea lazima auhesabu.

Hatua ya 2: Amua unazuia maji gani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mabuti yanayouzwa kwa sifa ya kutopitisha maji huwa na utando mwembamba kati ya ngozi na bitana. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex. Asili yake ni mwaka 1969, Bob Gore wa Marekani alipoivuta kwa nguvu ya ghafla plastiki ya PTFE iliyopashwa moto, ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno. Tone la maji ni kubwa kuliko kitundu, haliingii. Mvuke wa jasho ni mdogo, unapita. Lakini mvuke hausafiri wenyewe tu. Hutoka pale ambapo ndani ya buti pana joto na unyevu kuliko nje. Kwenye baridi ya milima ya Scotland tofauti hiyo ni kubwa, na buti linapumua vizuri. Ugalla mwezi wa Oktoba, nje kunapokuwa na joto karibu sawa na la mwili, tofauti inakaribia kwisha, na jasho linabaki na mguu wako.

Kuna hasara nyingine tatu. Mwiba ukitoboa utando, buti limeshapoteza sifa uliyoilipia, na hakuna fundi wa kuziba. Maji yakiingia kwa juu, bitana na utando huyashika, na huenda likachukua siku mbili kukauka. Tena mguu ulioloa kutwa hulainika, ngozi inakuwa nyeupe yenye mikunjo, na ngozi ya namna hiyo hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo sana. Fangasi kati ya vidole nao hupenda hali hiyo hiyo.

Utando una mahali pake. Askari wa doria kwenye misitu ya milimani, kama Aberdare au sehemu za juu za Mlima Kilimanjaro, ambako mvua ni ya baridi na jua halionekani kwa siku nzima, atafaidika nao sana. Anayewinda ugenini kwenye baridi, vivyo hivyo.

Kwa miombo na nyika, mimi nashauri buti la ngozi nzima, yaani ile iliyobaki na uso wake wa juu bila kusagwa wala kupakwa plastiki, lisilo na utando na lenye bitana nyembamba au lisilo na bitana kabisa. Ukilipaka nta linastahimili umande na kuvuka kijito kwa haraka. Likiloa kweli, linakauka usiku mmoja likiwa na magazeti ndani. Angalia pia ulimi: uwe umeshonwa pande zote mbili mpaka juu, ili maji na mbegu za majani zisipite kwenye matundu ya kamba. Ulimi ulioshikwa chini tu ni mlango wa maji hata kama ngozi ni nzuri namna gani.

Kwa mabwawa, acha kabisa habari za ngozi. Maji yasipofika katikati ya muundi, gambuti la mpira ndilo linalozuia maji kwa uhakika. Chagua lenye mdomo unaobana kidogo juu, maana gambuti pana hufyonzwa na tope na kubaki humo mguu ukitoka mtupu. Maji yakizidi hapo, usipigane nayo: vaa buti jepesi la turubai lenye matundu madogo ya kutolea maji ubavuni, loa, toka, tembea, na maji yatajitoa kwa kila hatua. Waliozoea nchi ya mafunjo huchagua hivyo, na wana haki. Kinachotakiwa tu ni soksi kavu kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya saa za kurudi.

Hatua ya 3: Pima mguu, jioni, ukiwa na soksi yako

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na zaidi ukitembea juani. Pima jioni. Simama wima juu ya karatasi, uzito wote kwenye mguu unaopimwa, mtu mwingine achore kuuzunguka kalamu ikiwa wima. Fanya miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na ununue kwa kuufuata mrefu. Pima kutoka kisigino mpaka kwenye kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba.

Ongeza sentimita moja hadi moja na robo. Kisha zidisha kwa moja na nusu, utapata namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 26 ukiongezwa 1.2 unakuwa 27.2, na ukizidisha kwa moja na nusu unapata 40.8, yaani namba 41. Namba za Uingereza na za Marekani hazifanani. Buti la kiume lililoandikwa 8 la Uingereza kwa kawaida ni 9 la Marekani, na mitumba huja na zote mbili zimechanganyika. Soma kama ni UK au US kabla ya kuamini namba.

Urefu ni nusu ya kazi. Waliokua wakitembea peku huwa na mguu mpana kwa mbele, na mabuti mengi yanayoletwa kutoka Ulaya yametengenezwa kwa mguu mwembamba. Toa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni mwa soli hiyo, rudisha buti kwenye rafu, hata kama urefu ni sawa. Usikubali neno la "litatanuka lenyewe". Ngozi hutanuka kidogo juu, lakini soli haitanuki.

Nisemee na wanaowanunulia wafuata nyayo. Kampuni inayoagiza mabuti ya namba mbili tatu kwa jumla na kugawa kambini inatupa fedha, kwa kuwa atakayepata lisilomtosha atalivua siku ya pili na kurudi kwenye katambuga zake. Mchore kila mmoja mguu wake. Ni kazi ya asubuhi moja kwa kambi nzima. Na kwa habari ya katambuga: tairi la gari halitobolewi na mwiba, halina kelele, na mguu unabaki mkavu. Wafuata nyayo hodari wengi huzivaa, kama wanavyofanya Wahadzabe wengi wa Ziwa Eyasi. Anayezitumia vizuri asilazimishwe kuziacha katikati ya msimu. Tatizo lake ni pembeni: mashina yaliyoungua, miiba ya ubavuni, na nyoka.

Hatua ya 4: Ichunguze soli kuliko unavyoichunguza ngozi

Mnyama anakusikia kabla hajakuona. Soli ngumu yenye meno marefu hushika changarawe, na kila ukikanyaga mwamba inakwaruza. Juu ya majani makavu ya miombo mwezi wa Septemba, soli nene isiyopinda hukuzuia kuhisi kijiti kilicho chini ya unyayo mpaka kimeshavunjika. Tafuta mpira laini, unaopinda pale vidole vinapoanzia, wenye michirizo ya kina kidogo. Mabuti ya ngozi yanayotengenezwa Bulawayo, Zimbabwe, na Courteney yamepata jina kusini mwa Afrika kwa ajili hiyo. Safari Boot za Bata wa Kenya ni nyepesi na tulivu, na kwa matembezi mafupi ya ardhi kavu zinatosha, ila hazikukusudiwa kubeba uzito kwenye mawe ya Natron.

Utulivu hata hivyo unagongana na miiba. Mwiba wa mgunga unaweza kuwa mrefu kama kidole, na soli yenye povu jepesi katikati, kama ya viatu vya michezo, unaipita moja kwa moja mpaka kwenye nyama. Dukani, bonyeza soli kwa kidole gumba kutoka ndani na nje. Ikibonyea kirahisi, ni povu. Kwa nyika ya miiba nataka mpira mzito chini yote, hata kama utanifanya niwe na kelele kidogo zaidi. Kwa miombo nachagua utulivu. Na kwa udongo wa mbuga wakati wa vuli, meno yawe machache, yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe. Michirizo midogo iliyobanana hujaa mara moja na kubaki inateleza.

Kisha tazama soli imeunganishwaje na buti. Iliyoshonwa kuzunguka inaweza kubanduliwa na fundi na kuwekwa nyingine, na buti likaishi miaka mingi. Iliyogundishwa tu hutegemea gundi, nayo gundi haipendi joto la ardhi iliyoungua wala joto la moto wa kambini. Iliyogundishwa ambayo fundi wa mjini ameipitisha uzi wa nailoni kuzunguka pembeni ni nzuri kuliko inavyoonekana. Ila kwenye buti la utando usithubutu, kwa kuwa kila tundu la sindano linaweza kuwa njia ya maji.

Hatua ya 5: Kimo, uzito, rangi

Buti la sentimita kumi na tano, linalofunika kifundo na kupita juu kidogo, linatosha sehemu nyingi. Marefu zaidi hupasha joto muundi na kuchosha. Kifutu, nyoka anayekaa kimya njiani mpaka akanyagwe, mara nyingi huuma mguuni na kwenye muundi, na ngozi nzito husaidia pale inapofika. Juu ya hapo vaa gaita, yaani vifuniko vya muundi, za turubai nene. Hizo hizo zinakuzuilia umande wa Julai, upupu, mbegu za majani na kupe, na ni nyepesi kuliko kuongeza kimo cha buti. Katika vitu vyote vinavyosaidia miguu ikae mikavu asubuhi ya miombo, gaita inafanya kazi kubwa kwa bei ndogo, na fundi cherehani yeyote ataishona ukimpa turubai na kamba.

Uzito usiudharau. Majeshi yamepima jambo hili kwa muda mrefu, na hesabu inayokubalika ni kwamba kilo moja miguuni huchosha kama kilo nne hadi sita mgongoni. Jozi ya namba 42 isizidi kilo moja na nusu. Beba mizani ndogo ya samaki ukienda sokoni, hakuna atakayekuzuia.

Rangi: kahawia au kaki. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Buti jeusi kwenye pori la mbung'o linawaita kwenye vifundo vyako.

Hatua ya 6: Kununua, hasa mitumba

Wengi wetu tunanunua Karume, Memorial ya Moshi au Gikomba, na humo mna mabuti mazuri kuliko mengi mapya ya dukani. Lakini yana mitego yake.

Wa kwanza ni soli inayooza. Mabuti mengi ya milimani yana tabaka la katikati la poliyurethani, na plastiki hiyo huharibiwa na unyevu wa hewa polepole hata buti likiwa kabatini halijavaliwa. Kwa nje linang'aa. Siku ya pili porini soli inamong'onyoka na kubaki vipande njiani. Likunje buti kwa nguvu mara kadhaa na utazame tabaka la katikati kwa karibu: ukiona nyufa nyembamba, ukisikia linatoa mlio mkavu, au ukucha ukiingia na kung'oa punje, liache. Mabuti yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani yachunguzwe mara mbili.

Mtego wa pili ni gramu. Ukikuta kibandiko kilichoandikwa Thinsulate 400 g au 800 g, wengine hudhani ni uzito wa kiatu au ubora wa ngozi. Ni kipimo cha nyuzi za plastiki za kuzuia baridi zilizowekwa ndani, kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye theluji akisubiri paa kule Minnesota au Ontario. Huku kwetu litakupika miguu. Ndugu zetu walio huko ndio wanaolihitaji.

Jaribu kulivaa jioni, na soksi zile zile utakazowinda nazo. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja. Funga kamba, tafuta ngazi au mteremko, shuka kwa kukita kisigino. Vidole visiguse mbele hata mara moja, la sivyo utarudi na kucha nyeusi. Panda: kisigino kisinyanyuke ndani. Chuchumaa kama unayeangalia unyayo, na usikilize kama ngozi inakunjamana juu ya vidole mahali pamoja pa kuumiza. Kaa nalo dukani dakika ishirini ukitembea huku na huku. Muuzaji mzuri atavumilia.

Kama ni la utando, weka karatasi kavu za chooni ndani, lisimamishe kwenye beseni la maji yanayofika chini ya kamba kwa dakika kumi na tano. Karatasi zitasema ukweli. Gambuti ni rahisi zaidi: ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani yake, na kila tundu litaonekana.

Hatua ya 7: Lizoeshe kabla ya msimu

Wiki tatu zinatosha. Anza nyumbani saa moja kwa siku, kisha sokoni na shambani, kisha mwendo wa saa mbili tatu ukiwa na mzigo. Ngozi hujifunza mguu kwa kuvaliwa. Kulilowesha kwenye maji ya moto au kulianika juani likiwa limejazwa mchanga huharibu tu.

Ukisikia mahali panapata moto, simama hapo hapo, vua, bandika plasta laini moja kwa moja kwenye ngozi kavu. Kusubiri mpaka mapumziko ni kusubiri lengelenge. Kisigino kikicheza, kaza kamba kwa fundo la kuzungusha mara mbili pale mguu unapokunjia, ndipo uendelee kupanda. Fundo hilo hukishika kisigino nyuma hata kamba za chini zikiwa zimelegea.

Soksi za pamba huloa na kubaki zimeloa. Tafuta za sufu nyembamba au mchanganyiko wa sufu na nailoni, na ndani yake vaa nyingine nyembamba kabisa ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi, usiwe kati ya soksi na ngozi yako. Soksi kavu ya pili mfukoni ni ya lazima. Saa tano, msafara ukipumzika chini ya mti, vua, pangusa miguu, badili, tundika ile iliyoloa nje ya begi.

Hatua ya 8: Kulitunza kambini

Likiloa, toa soli ya ndani na kamba, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa mbili, na liache kivulini penye upepo. Usiliweke karibu na moto. Ngozi iliyokaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka pale inapokunjika, na gundi huachia.

Usiliache nje ya hema usiku. Fisi hubeba viatu vya ngozi na kuvitafuna, na ukibaki kitaluni na jozi moja tu iliyoliwa, msimu wako umeishia hapo. Asubuhi ligeuze, lipigize chini mara mbili kabla ya kuingiza mguu, maana nge na tandu hupenda mahali pa giza penye joto.

Kwa kuzuia maji, nta ya nyuki inayotoka misitu ya Tabora inafanya kazi vizuri. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, uchanganye na mafuta safi ya ng'ombe kwa kiasi kinacholingana, ipoe mpaka iwe laini. Pangusa buti kwa kitambaa chenye unyevu, liache likauke, kisha paka kwa vidole, ukisisitiza kwenye mishono, chini ya ulimi na pale soli inapokutana na ngozi. Paka kidogo. Ngozi iliyoloweshwa mafuta hulegea, haishiki tena kifundo, na huacha kupumua, nawe utakuwa umejitengenezea mwenyewe lile buti la jasho nililokuonya juu yake. Kwa buti la kitambaa au la ngozi yenye vinyweleo laini usitumie nta kabisa. Brashi na dawa ya kupuliza zinatosha. Buti la utando lioshwe kwa maji safi na sabuni laini ndani na nje kila baada ya safari, kwa kuwa chumvi ya jasho na vumbi huziba vile vitundu.

Msimu ukiisha, lioshe, likauke kabisa kwa siku kadhaa, lipake nta mara moja, na lihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa mahali pakavu. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuleta ukungu. Kama soli imeshonwa na imelika upande mmoja, mpelekee fundi sasa, wakati bado ana nafasi na wewe huna haraka. Mwezi wa Mei litoe tena, likunje mara kadhaa kama ulivyolikunja siku ya kulinunua, tazama tabaka la katikati na mishono, kisha anza kulivaa kwenda shambani.